Shujaa Hana Mume

Brigedi ya Shankou
Tarehe 9 mwezi wa kumi, 1970

Mdogo wangu Yuexian,

Habari za mjini? Sisi huku wazima, isipokuwa figili. Figili zimefariki zote. Wale wenzako wa kundi la opera mliokuja nao "kuonja maisha ya wakulima" wameonja mpaka mtungi wa achari umebaki maji matupu. Caidi anakusalimu, ila anasema wifi yake akija tena aje na mtungi.

Yule mzee wenu mwenye miwani, mtunzi, sijui kama kalala hata siku moja. "Shuigen, hebu simulia tena vile mkeo alivyoziba tuta." Nasimulia. "Tena kidogo." Nasimulia. Nimesimulia mpaka mimi mwenyewe naogopa maji ya kunawa uso. Akimuuliza Caidi mwenyewe, Caidi anainuka, anaenda kuwapa nguruwe chakula. Hao nguruwe wamenenepa kwa sababu ya opera yenu.

Umwambie asisahau hata kimoja. Tufani ya mwaka jana, alfajiri, tuta la mto limetoboka karibu na kinu. Caidi mimba miezi saba, anang'oa mlango wa nyumba yetu kama anang'oa mhogo. Mimi nimeubeba mgongoni kama kobe na mguu wangu mbovu, yeye mbele ananitukana: "Kimbia, we kiwete, mto hausubiri!" Tukaingia majini, tukaupachika mlango kwenye tundu, tukausukuma kwa migongo yetu, wawili, bega kwa bega, mpaka wanakijiji wa brigedi wakafika na magunia ya udongo. Nikamwambia, "Mke wangu, hata kitandani hatujawahi kukaa karibu hivi bila kugombana." Akacheka. Maji yako shingoni, anacheka!

Mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Mvulana. Tulimzika juu kule kwenye michai. Nikifika hapo kwenye hadithi huwa nawagawia watu peremende.

Sasa ombi. Najua opera ni ya Caidi, sina wivu. Lakini niweke na mimi, hata mstari mmoja. Nipite tu jukwaani na mizigo yangu begani na kingoma changu mkononi: "Manyoya ya kuku leteni, peremende za sukari guru chukueni!" Watu wacheke, nitoke. Mwezi ujao nikipata kibali naanza kuzunguka vijijini kama kila msimu, na ningependa kuwaambia wateja kwamba wananunua kwa mtu wa jukwaani.

Kaka yako,
Shuigen, mfalme wa manyoya

*

Mji wa wilaya
Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, 1970

Kaka,

Nimepewa! Mimi ndiye shujaa. Nimekuwa kwenye opera tangu nina miaka kumi, nikiimba masuria walioachwa na mabinti wa kulialia dirishani, mikono imefichwa ndani ya kanzu za mikono mirefu. Sasa mikono mirefu hakuna. Nywele nimekata. Kifua nakifunga kwa kitambaa. Natembea kama askari, kidevu juu. Mwalimu anasema mwanamke mpya hatazami chini. Jana nilitazama chini mara moja tu, nilikuwa natafuta ngazi, nikakemewa mbele ya wote.

Opera inaitwa Mlinzi wa Tuta. Caidi sasa anaitwa Haiying. Kuna mambo yamebadilika na nataka uyasikie kwangu kwanza. Kamati ya wilaya ilikaa na mtunzi wetu.

"Huyu mume anafanya nini hapa?"

"Yuko naye majini."

"Wawili? Basi shujaa ni nani?"

"Wote wawili, ndugu."

"Shujaa ni mmoja. Mwingine ni mzigo."

Wakampeleka mume jeshini. Mwingine akasema, mume akiwa jeshini mke atamkumbuka, akimkumbuka ataimba, na wimbo wa kumkumbuka mume ni uozo wa zamani. Wakamwondoa kabisa. Kisha wakasema shujaa hawezi kuingia jukwaani ameshika kiuno. Kwa hiyo Haiying ni binti. Hana mume, hana mimba. Ana tuta.

Mwambie wifi asihuzunike. Sanaa si picha ya pasipoti. Sanaa iko juu kuliko maisha.

Kuhusu ombi lako la kupita jukwaani: limefikiriwa.

Pia, usiandike tena Yuexian kwenye bahasha. Malaika wa mwezini ni jina la masuria. Nimebadili, sasa mimi ni Xianghong, anayeelekea kwenye wekundu.

Mdogo wako,
Lou Xianghong

*

Shankou
Tarehe 6 mwezi wa kwanza, 1971

Mdogo wangu, jina lolote unalotumia wiki hii,

Ulikuja, ukaimba, ukapanda lori bila kuja nyumbani kula. Caidi alikuwa amechinja kuku. Manyoya ninayo mimi, nyama walikula majirani, na hata wao hawakutaka kukaa sana.

Uliimba vizuri, sikatai. Uwanja wa kuanikia mpunga ulijaa mpaka watu wamepanda juu ya paa. Caidi wamemkalisha mbele, ua jekundu la karatasi kifuani, kubwa kama kabichi. Taa ikakumulika wewe, nyekundu, ukasimama kama nguzo ya stima. Nikampiga Caidi kiwiko, "Ona, ndiwe huyo." Akasema, "Huyo hajawahi kupika."

Halafu taa ikawa ya kijani. Mwanamume akaingia, mgongo umepinda, mizigo begani, kingoma mkononi. "Manyoya ya kuku leteni!" Mimi mjinga nikapiga makofi! Nikawageukia watu: "Mimi huyo! Nimewekwa!" Shangazi Mao akacheka mpaka akajishika ubavu.

Yule mtu akafungua mizigo yake. Chini ya peremende akatoa jembe fupi, akaenda kutoboa tuta. Kumbe kibaraka wa mwenye shamba wa zamani. Anaitwa Qian Nyoka.

Makofi yangu yakaniishia hewani. Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja. Maana Qian Nyoka anachechemea mguu wa kushoto. Anacheka kwa puani. Akitaka kusema uongo anajikuna sikio. Xianghong, mguu huu uliumwa na mbwa siku nakukimbiza mgongoni mwangu, ulikuwa na miaka minne. Mzee mwenye miwani alikaa hapa kwetu mwezi mzima nikiwa nimekaa kwenye kigoda nasimulia. Hakuwahi kuniona nikijikuna sikio. Kikulacho ki nguoni mwako, hivyo walisema wakubwa, na mimi nguo yangu ninayo moja tu.

Tukirudi, Dagou, mtoto wa jirani anayecheza na Xiaoman wetu, akaniuliza njiani, "Baba Xiaoman, jembe unalificha wapi?" Nikamwambia, "Puani." Akacheka. Baba yake akamvuta.

Tukafika nyumbani, Caidi akavua lile ua la karatasi. Akakaa kwenye kizingiti. Akaniuliza, "Shuigen, dada yako mwanangu kamweka wapi?"

Nikasema kwenye opera hakuna mimba, taa haipendi tumbo.

"Sijauliza kuhusu taa," akasema.

Nijibu nini? Niandikie wewe.

Shuigen

*

Mji wa wilaya
Tarehe 19 mwezi wa kwanza, 1971

Kaka Shuigen,

Unachukulia mambo ya umma kama mambo ya jikoni. Qian Nyoka si mtu mmoja. Ni tabaka. Shujaa hang'ai pasipo adui, na adui lazima awe na kazi fulani, mwendo fulani, kicheko fulani. Mwigizaji wetu ni kijana wa mjini, hajui wachuuzi. Aliomba asaidiwe. Wachuuzi wote wanachechemea, kwa sababu ya mizigo.

Mwambie wifi kwamba wanawake elfu nyingi watamwona Haiying na kunyoosha mgongo. Je, mtoto mmoja ambaye hakuzaliwa vizuri ni kitu gani mbele ya hilo? Nimeandika sentensi hiyo na ninaiacha, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kuona mbali.

Tumechaguliwa kwenda tamasha la mkoa mwezi wa nne.

Xianghong

*

Shankou
Tarehe 2 mwezi wa pili, 1971

Xianghong,

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi tumeupokea kwa uji wa viazi vitamu. Nyama haikupita mlango huu, na mlango wenyewe ni ule ule wa majini, umevimba, haufungi sawasawa.

Kingoma wamechukua. Mizigo wamechukua. Kibali cha kuzunguka kimefutwa, maana "Qian Nyoka hawezi kupewa kibali cha kutembea tembea kwenye matuta." Wiki iliyopita walinipandisha juu ya meza uwanjani, kofia ya karatasi kichwani, wakasema imba wimbo wa Qian. Mimi si mtu wa kuharibu kazi. Nikaimba. Nikachechemea, nikacheka kwa puani, nikajikuna sikio. Watu wakaangua kicheko. Katibu Gong wa brigedi akaruka juu: "Usiimbe vizuri! Nani kakwambia uimbe vizuri?" Nikapigwa kwa kuimba vizuri. Wewe mwanaopera, umewahi kusikia?

Nacheka, lakini sasa sikiliza, maana sitarudia. Wamemwita Caidi. Wamemwambia Mlinzi wa Tuta mwenyewe hawezi kulala na Qian Nyoka. Aachane nami kabla mwezi wa tatu haujaisha, ama ua wamvue na Xiaoman aandikwe mtoto wa mhaini. Hatakubaliwa shule. Ana miaka sita, ameshajifunza kuandika jina lake kwa mkaa ukutani.

Caidi kawaambia, "Nilikuwa naye majini." Katibu kamjibu, "Majini kulikuwa na Haiying peke yake. Wilaya nzima imeona."

Nataka kitu kimoja kwako. Karatasi moja, muhuri wa kundi lenu: Qian Nyoka ni wa kubuni, hakuchukuliwa kwa mtu yeyote wa Shankou. Basi. Hata usiseme mimi ni mtu mwema, hilo hakuna atakayeliamini. Mistari miwili tu. Caidi ni mke wangu, Xianghong. Sina mwingine na sitaki mwingine. Ukinipa hiyo karatasi nitaichechemea opera yenu mpaka mkoani, bure.

Kaka yako

*

Mji wa wilaya
Tarehe 27 mwezi wa pili, 1971

Kaka,

Nimetuma kwa mwenye mkokoteni kuponi za nguo na koti langu la zamani kwa ajili ya Xiaoman.

Karatasi haitakuja. Kusema Qian ni wa kubuni ni kusema Haiying naye ni wa kubuni, na Haiying si wa kubuni tena. Kabla ya kunipa kazi hii waliniuliza kama nina kaka mchuuzi. Usiniulize nilijibu nini.

Unamkumbuka Pan, mpiga fidla, aliyekula kwenu tikiti zima peke yake? Tulikuwa tuoane vuli. Kiongozi aliniita: watazamaji wakimwona Haiying sokoni na mwanamume, watamwamini vipi jukwaani? Pan kahamishiwa kiwanda cha chumvi, pwani. Sikuomba karatasi kwa mtu yeyote.

Mwenzangu Shu, anayeimba mama mkwe wa kijiji, mwezi uliopita aliongeza mstari wake mmoja tu kwenye hotuba aliyoandikiwa. Sasa anafagia machinjio na mwanawe kafukuzwa shule. Mstari mmoja.

Tia saini, kaka. Caidi akiwa huru ataletwa huku mjini, atasema na watu kabla ya kila onyesho. Xiaoman atapata shule nzuri. Nitamchana nywele mwenyewe.

X.

*

Shankou
Tarehe 30 mwezi wa tatu, 1971

Xianghong,

Nimetia. Kwa hiyo opera yenu sasa haina kosa. Hongera.

Nikueleze ilivyokuwa, nawe ni mtu wa jukwaa. Ofisi ya komuni, meza moja, karani kijana anapiga chafya. "Sababu ya kuachana?"

Mimi nikasema, "Andika hatupatani."

"Haitoshi. Sababu ya kisiasa."

"Andika basi mimi ndiye mtu mbaya kwenye opera."

Akaandika! Wallahi kaandika, kapuliza wino ukauke. Kamgeukia Caidi: "Nawe, dada, unakubali?" Caidi kamwangalia kama anavyomwangalia kuku mgonjwa. Akasema, "Wewe una mke?" Kijana akasema ana mchumba. "Mpeleke akaone opera nyingine," akasema Caidi, akaweka kidole gumba.

Tukashika njia ya nyumbani. Tulikuwa tumepanga, unajua, iwe talaka ya karatasi tu. Mbele za watu tuachane, nyuma ya pazia nile uji wake kama kawaida. Nilikuwa nimeshatunga na utani wa kumtania: sasa mimi na wewe ni wazinzi. Lakini gari la kuwapeleka mjini lilikuwa limeshafika nyumbani, Katibu Gong amesimama na ua jipya. Xiaoman kavaa koti lako. Kaniuliza, "Baba, na wewe unapanda?" Katibu akamwambia, "Huyo si baba, huyo ni Lou Shuigen."

Caidi kaniambia neno moja tu. "Kula."

Nakula. Mchane vizuri huyo mtoto, nywele zake ngumu, uanzie chini.

Lou Shuigen

*

Nyumba ya wageni, mji wa mkoa
Tarehe 17 mwezi wa nne, 1971

Shuigen,

Mimi Caidi. Naandika mwenyewe, herufi za darasa la akina mama, usicheke. Barua hii anakuletea dereva wa Brigedi ya Xia, mke wake ni rafiki yangu. Haijafunguliwa na mtu.

Xiaoman mzima. Ana glavu. Shuleni wanamwita mtoto wa shujaa. Wifi anamchana, anaanzia chini.

Kila siku nasimama kabla ya onyesho. Wifi alinifundisha maneno. "Nilikuwa peke yangu. Sikuwa na mtu, nilikuwa na imani. Niliposikia maji sikufikiria nyumba, kwa sababu nyumba yangu ni tuta." Watu wanalia. Na mimi nalia, pale panaliza kweli, wameandika vizuri. Mwanzoni nilikuwa nasema kwa mdomo, na moyoni nasema yale yetu. Nilikuwa nasema mawili pamoja, kama mtu anayesuka huku anaongea.

Juzi nilifika penye maji nikatafuta mgongo wako. Sikuupata. Niliona taa nyekundu. Nikafumba macho, nikamwona wifi amesimama majini kidevu juu, peke yake, na maji yenyewe yalikuwa kitambaa cha buluu kinachotikiswa na wavulana wawili. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho ni kitambaa.

Shuigen, ulikuwepo? Nina hakika ulikuwepo. Nadhani nina hakika. Kuna kitu ulinichekesha majini, ni nini? Na tumbo langu. Lilikuwepo? Nikijishika hapa sijui kama nakumbuka mtoto au nakumbuka watu wakiniambia hakuna.

Kesho kutwa ni siku kubwa, wakubwa wa mkoa wote watakuwepo. Usinitanie. Wewe niandikie tu ilivyokuwa, dereva anarudi kesho. Utakavyoniandikia ndivyo nitakavyosema jukwaani. Nikijua kwa hakika, sitaogopa. Ninaogopa kwa sababu sijui.

Caidi

*

Shankou
Tarehe 18 mwezi wa nne, 1971

Mama Xiaoman,

Dereva amekaa mlangoni ananywa maji, ananiharakisha, kwa hiyo naandika mbio.

Nimefurahi kusikia glavu. Herufi zako nzuri kuliko zangu, na mimi nilisoma miaka mitatu kwa fimbo. Huku mpunga umeota, nguruwe wamekonda tangu opera iondoke. Shangazi Mao kaanza kunisalimia tena, akihakikisha hakuna mtu.

Umeuliza, nami sikutanii. Asubuhi ile mimi sikuwepo. Nilikuwa Xia, nauza peremende, nikasikia habari jioni. Nilivyokuwa nawasimulia watu kwamba nilikuwepo, nilikuwa najipendekeza, unanijua mdomo wangu. Mlango uliubeba mwenyewe, wewe una nguvu. Aliyekuchekesha majini sijui. Labda hukucheka.

Sema kama wifi yako alivyokufundisha, usiongeze mstari hata mmoja. Unanisikia? Hata mmoja. Ukimaliza kaa chini, unywe maji ya moto, umpeleke Xiaoman akalale.

Na hilo la tumbo. Mwaka ule tulikula viazi vitamu tangu masika, Caidi. Kila mtu alikuwa na tumbo.

Lou Shuigen